Udugu wa Mayatima: Maisha na Masikilizano ya Sokwe Waliookolewa

Miongoni mwa maswali yote yahusuyo wanyama waliotukaribia kwa umbo na kwa akili, lipo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine, nalo ni hili: mtoto wa sokwe ambaye mama yake aliuawa kwa risasi, akabanduliwa kifuani pa maiti, akasafirishwa gizani ndani ya gunia au kikapu, kisha akafungwa mnyororo uani kwa mtu au katika bustani ya hoteli, je, akipata bahati ya kufikishwa mahali penye miti na wenziwe, aweza kurejea kuwa sokwe miongoni mwa sokwe, mwenye sahibu na hasimu, mwenye mkubwa wa kumstahi na mdogo wa kumlea? Wapo wanaodhani kwamba chakula, dawa na uzio imara vyatosha kuwa jawabu. Mimi naona kwamba hivyo ni mwanzo tu, na kwamba tiba yenyewe ya mnyama huyu ni jamaa; na jamaa hiyo, maadamu ile ya nasaba imekwisha teketea, haina budi kujengwa upya na wageni wasiojuana.

Ili tupate kupima kilichopotea, yatupasa kwanza kujua sokwe huishije pale ambapo mwindaji hajamfikia. Tangu tarehe 14 Julai, 1960, siku ambayo Jane Goodall alishuka ufukoni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu mwaka 1965, Toshisada Nishida alipoanza kazi kama hiyo katika milima ya Mahale upande wa kusini, maisha ya viumbe hawa yamefuatwa na kuandikwa kizazi baada ya kizazi, kwa jitihada ya wataalamu wa mbali na ya wenyeji wa mkoa wa Kigoma ambao wamezoea kupambanua sokwe mmoja na mwingine kwa uso, kwa sauti na kwa mwendo. Katika kazi hiyo ilidhihirika kwamba mtoto wa sokwe huzaliwa dhaifu baada ya mimba ya miezi minane hivi, hung'ang'ania manyoya ya tumbo la mama katika miezi ya mwanzo, baadaye hupanda mgongoni, hunyonya mpaka umri wa miaka minne au mitano, na hata akisha kuachishwa ziwa huendelea kuandamana na mama yake miaka mingine kadhaa, akijifunza ni matunda gani huliwa na lini huiva, mchwa hunaswa vipi kwa kijiti, kiota hutandikwa vipi kabla ya jua kuchwa, na ni nani wa kuogopwa na nani wa kuchezwa naye. Dume hubaki maisha yake yote katika ardhi aliyozaliwa, akizungukwa na madume aliokua nao, ambao baadhi ni ndugu zake wa damu. Jike, akisha kubalehe, aghalabu huhama na kutafuta jumuiya nyingine. Jumuiya yenyewe haikai pamoja wakati wote, bali hutawanyika katika vikundi vidogo asubuhi na kukusanyika tena palipo na matunda mengi, wakiitana kwa mayowe yasikikayo mbali, hata mtu anayewatazama kwa muda mfupi huweza kudhani kwamba hawana umoja, ilhali kila mmoja anajua nani ni wa kwao na nani si wa kwao.

Nguvu ya kifungo cha mama na mwana ilidhihirika kwa namna ya kuhuzunisha mwaka 1972, Flo, ajuza wa Gombe aliyejulikana dunia nzima, alipokufa. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka minane na nusu, na kwa chakula angeweza kujitegemea. Lakini alipoteza hamu ya kula, akajitenga na wenziwe, na majuma machache baadaye akamfuata mama yake. Gombe hiyohiyo, hata hivyo, ilitoa ushahidi wa pili. Mwaka 1987, maradhi ya mapafu yalipowapukutisha sokwe wa huko, mtoto aliyeitwa Mel, mwenye umri wa miaka mitatu na kitu, aliachwa bila mama wala ndugu wa kumwangalia, na kila mtu alitazamia kifo chake. Akatwaliwa na Spindle, dume kijana asiyekuwa na nasaba naye, ambaye alimbeba mgongoni, akamgawia chakula na kumruhusu kulala katika kiota chake usiku. Kati ya kifo cha Flint na uzima wa Mel ndipo lilipo swali letu zima, na vituo vya kuwahifadhi sokwe mayatima ndipo mahali ambapo swali hilo huulizwa upya kila mtoto anapofikishwa.

Watoto hao hawafiki kwa njia za heri. Hakuna mama wa sokwe amtoaye mwanawe kwa hiari, kwa hiyo nyuma ya kila yatima mmoja kuna mama aliyeuawa, na mara nyingi wengine waliosimama kumtetea. Wakubwa huliwa au huuzwa kama nyama ya porini. Mtoto, kwa kuwa nyama yake ni kidogo, huuzwa hai. Tena vituo vingi vilizaliwa na misiba ya wanadamu pamoja na ile ya wanyama. Kenya haina sokwe wa mwituni, lakini mwaka 1993 palifunguliwa huko Ol Pejeta, katika nyanda za Laikipia, makao yaitwayo Sweetwaters, kwa mapatano ya wenye hifadhi hiyo, Shirika la Wanyamapori la Kenya na Taasisi ya Jane Goodall, na wa kwanza kupokewa walikuwa mayatima waliohamishwa kutoka Bujumbura kwa sababu ya vita vilivyozuka Burundi. Lwiro, katika Kivu ya Kusini, jirani na msitu wa Kahuzi-Biega, ilianza kupokea sokwe mwaka 2002, nchi ya Kongo ikiwa bado katika vurugu, ndani ya majengo ya kituo cha sayansi kilichoachwa na Wabelgiji. Kabla yao wote, mwaka 1983, David na Sheila Siddle walikuwa wamepokea mtoto mmoja aliyejeruhiwa katika shamba lao la ng'ombe la Chimfunshi, kaskazini mwa Zambia, wakampa jina la Pal, wakadhani wamefanya hisani ya siku chache. Leo Chimfunshi ina sokwe zaidi ya mia moja.

Mfano nitakaokaa nao zaidi ni Ngamba, kisiwa cha Uganda katika Ziwa Viktoria, umbali wa kilomita 23 kutoka Entebbe, ambacho mwezi Oktoba 1998 kilipokea sokwe 19 na sasa kina karibu 50. Kisiwa kina ukubwa wa ekari 100 hivi, na isipokuwa sehemu ndogo wanapokaa watu, iliyotengwa kwa uzio wa umeme, chote ni msitu wa sokwe. Maji ni boma lao, kwa kuwa sokwe hajui kuogelea. Asubuhi hufunguliwa milango ya nyumba ya kulala, wakatawanyika msituni. Mara kadhaa kwa siku huja ukingoni mwa uzio kupokea matunda na mboga warushiwazo na walezi, kwa sababu msitu wa ekari mia hauwezi hata kidogo kulisha vinywa hamsini. Na jioni wengi wao hurudi wenyewe ndani, wakanywa uji, wakapanda vitanda vya kuning'inia, ingawa wapo wapendao kutandika viota mitini wakalala nje. Mtazamaji aliye makini, saa ile ya kurushwa matunda, ataona taratibu zote za utawala wao kwa muda mfupi: nani asimamaye mbele, nani angojaye mpaka mkubwa amejishibia, nani aombaye kwa kunyosha mkono na kiganja juu, na nani, kwa kuwa ni mpenzi wa fulani, apewaye bila kuomba.

Lakini huyo aliyeketi katikati ya kundi akila kwa raha alifikaje hapo? Hapa ndipo palipo kazi kubwa ya kituo, na mgeni hapaoni. Mtoto mpya kwanza hutengwa na kupimwa maradhi, kwa maana kifua kikuu na homa za mapafu zetu humpata naye pia, na kundi zima laweza kuangamia kwa kosa la siku moja. Katika kipindi hicho mwanadamu huwa ndiye mama: mlezi humbeba, humlaza, humpa maziwa kwa chupa, humwacha ashike nguo yake mchana kutwa, kwa sababu mtoto aliyezoea kushika manyoya akikosa cha kushika hujishika mwenyewe, akajikunyata, akayumba mbele na nyuma saa nyingi bila kuona wala kusikia, dalili ambayo kila mtunzaji wa sokwe aijua na kuichukia. Baadaye huletwa karibu na wenziwe, wakatenganishwa na wavu wa chuma, ili wanusane, waguse vidole, wazoeane sauti. Wa kwanza kuingizwa kwake kwa kawaida ni mtoto kama yeye au jike mpole. Hufuata mwingine, na mwingine tena. Madume wakubwa, ambao hasira yao yaweza kuua, huachwa mwisho, baada ya yatima kupata walau mtetezi mmoja. Kazi hii huchukua majuma, mara nyingine miezi, na mlezi mwenye busara haiharakishi kwa ajili ya nafasi wala kwa ajili ya wafadhili.

Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba sokwe wana adabu zao, na aliyelelewa na watu hazijui. Mdogo amkaribiapo mkubwa hutoa miguno mifupi ya taadhima, akainama, akanyosha mkono. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa amekusudia utovu wa heshima, akapigwa. Dume asimamishapo manyoya, akayumba huku akikokota tawi, ametoa onyo ambalo mtoto wa porini hulielewa tangu yupo mgongoni kwa mama yake, naye hupisha. Yatima aliyetoka nyumbani kwa mtu hukaa akatazama. Uvimbe wa waridi wa jike aliye tayari kupandwa, uso ulioachama kwa mchezo, midomo iliyofunuliwa kwa hofu, yote hayo ni lugha, na lugha hiyo mwanadamu hawezi kuifundisha hata akikaa na sokwe miaka ishirini, kwa sababu hana manyoya ya kusimamisha wala mamlaka ya kumwadhibu mdogo na kumpatanisha kwa wakati mmoja. Ni sokwe peke yao wawezao kumfundisha sokwe, na jike mmoja mvumilivu ana faida kwa kituo kuliko ghala lililojaa ndizi.

Ugomvi haukosekani, wala haustahili kutushangaza. Lililo la ajabu ni suluhu. Katika bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi, Frans de Waal na Angeline van Roosmalen walionyesha mwaka 1979 kwamba sokwe waliopigana, badala ya kukimbiana, hutafutana baada ya muda si mrefu, wakakumbatiana, wakabusiana, wakaketi kuchambuana manyoya. Na walezi wa vituo huona mambo hayo siku zote. Huko kuchambuana hakukosi faida ya afya, kwa maana huondoa chawa, uchafu na magamba ya vidonda, lakini muda unaotumika huzidi sana haja ya usafi. Wakati wa joto la mchana, msitu ukinyamaza, utaona wawili wameketi wakipekuana ngozi kwa vidole na midomo, mmoja amefumba macho na kulegea mwili mzima mbele ya yule ambaye mwezi uliopita alikuwa akimkimbia. Na kwa sokwe aliyeshikwa na wanadamu kwa nguvu, akafungwa, akachomwa, akapigwa, kumwachia mwingine mgongo wake ni ushahidi wa kupona ambao dawa haitoi.

Tena umoja huo huzaa mila. Ilijulikana tangu mwaka 1978, kwa maandishi ya William McGrew na Caroline Tutin, kwamba sokwe wa Mahale huwa na desturi ya kuchambuana huku wawili wameshikana mkono mmoja mmoja juu ya vichwa vyao, na kwamba wale wa Gombe, nchi ileile na ziwa lilelile, hawana desturi hiyo. Huko Chimfunshi, ambako wakazi wa kwanza walitoka pande mbalimbali bila kulelewa na wazee wa aina moja, imeonekana kwamba baadhi ya makundi hushikana hivyo na mengine hayashikani, na yale yenye desturi hiyo hutofautiana katika namna ya kushikana, hawa kwa viganja na hawa kwa vifundo vya mikono. Jike mmoja wa hapo, Julie, alikuwa na mazoea ya kuchomeka jani la nyasi sikioni na kuliacha lining'inie bila faida yoyote ya kuonekana. Edwin van Leeuwen na wenziwe walichapisha mwaka 2014 kwamba sokwe 8 kati ya 12 wa kundi lake walikuwa wamemwiga, na kwamba waliendelea hata baada ya yeye kufa. Mtu aweza kuona jambo hilo kuwa ni upuuzi. Mimi naliona kuwa kubwa, kwa sababu kumwiga mwenzio katika jambo lisiloleta chakula ni alama ya kumtazama kwa makini na kutaka kuwa kama yeye, na viumbe hao, au wazazi wao, walikuwa wamenyang'anywa hata yule wa kwanza wa kumtazama.

Katika kundi la Chimfunshi pia lilitokea jambo ambalo kila aandikaye juu ya mapenzi ya sokwe hana budi kulitaja. Dume mdogo wa miaka tisa, Thomas, alikufa. Alikuwa amefiwa na mama yake zamani, na jike aliyeitwa Noel alikuwa amemchukua kuwa kama mwanawe. Wenziwe walipozunguka maiti na kuigusa na kuinusa, kisha wengi wakavutwa na chakula walichopewa na walezi ili waondoke, Noel alibaki na binti yake, akaketi karibu na kichwa cha Thomas, akachukua ubua mgumu wa nyasi, akaanza kumsafisha meno. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Wataalamu ni wa maneno machache, na wamefanya vyema kutodai kwamba Noel alijua maana ya mauti. Lakini hakuna haja ya kudai hivyo ili kutambua kwamba kifungo kati ya jike na mtoto asiye wa tumbo lake kiliendelea kutenda kazi yake hata aliyefungwa nacho alipokuwa hana tena haja nacho.

Kwamba mapenzi hayo yanaambatana na hesabu, Ngamba imetuonyesha. Mwaka 2006 Alicia Melis, Brian Hare na Michael Tomasello walichapisha majaribio waliyofanya na sokwe wa kisiwa hicho, ambamo ubao wenye chakula uliweza kuvutwa tu iwapo wawili walishika ncha mbili za kamba moja na kuvuta kwa pamoja. Sokwe aliyepewa uwezo wa kumfungulia mlango mwenzake alifanya hivyo pale tu kazi ilipohitaji wawili, na akisha kuwajua washirika wake alimchagua yule aliye hodari wa kushirikiana. Majaribio mengine ya hapohapo yalionyesha kwamba waliozoea kula pamoja bila kunyang'anyana ndio walioweza kuvuta pamoja, hata wakashindwa walipounganishwa na wasiovumiliana nao. Kuvumiliana basi kunatangulia akili: wale walioelewa vizuri jinsi kamba inavyofanya kazi hawakufanikiwa bila kuwa na mwenzi wa kukaa naye kwa amani.

Nisieleweke kwamba kila jeraha hupona. Sweetwaters palikuwa na Poco, dume aliyefungiwa miaka tisa huko Bujumbura ndani ya tundu jembamba lililotundikwa juu ili kuvutia wateja wa karakana, tundu ambalo halikumruhusu kukaa ila kusimama. Alipofika Kenya mwaka 1995, akapata nafasi tele, aliendelea kutembea kwa miguu miwili kama mtu, na wageni wakafurahi kumpiga picha, wengi wasijue kwamba mwendo huo ulikuwa alama ya kifungo. Poco alipata kundi, akaishi nalo. Wapo wengine ambao hawapati, ambao huogopa sokwe kuliko watu, na hao kituo huwatunza kando, kwa heshima, bila kujidanganya.

Na hata kundi lililofanikiwa zaidi lina upungufu ambao haukutokana na sokwe. Majike wa vituo vingi hupewa dawa za kuzuia mimba, kwa sababu kila mtoto azaliwaye hapo huchukua nafasi ya yatima atakayekamatwa kesho. Uamuzi huo nauona kuwa wa haki, lakini tusifiche gharama yake, kwa maana jumuiya isiyo na vichanga imekosa jambo linalotuliza madume, linalowapa majike hadhi na kazi, na linalowafundisha wasichana ulezi. Kuwarudisha mwituni ni ndoto ya kila mwenye huruma, nayo imejaribiwa kwa uangalifu mkubwa huko Conkouati, Kongo ya Brazzaville, ambako mayatima 37 waliachiwa msituni kati ya mwaka 1996 na 2001. Wengi waliishi, na majike wengine waliingia katika jumuiya za wenyeji wakazaa. Madume, kama ambavyo aijuaye tabia yao angebashiri, walishambuliwa vikali na madume wa mwituni, kwani kwao mgeni wa kiume ni adui. Kupata msitu mkubwa, wenye chakula, usio na wawindaji, na wenye sokwe wachache kiasi cha kutozusha vita, ni jambo adimu Afrika nzima.

Kwa hiyo wengi wa hao walio vituoni watazeekea huko, na sokwe atunzwaye vizuri huweza kupita miaka hamsini. Mzigo huo umewaangukia watu wasiojulikana, wapika uji wa Ngamba, walezi wa Lwiro, walinzi wa usiku wa Laikipia, ambao huwaita sokwe kwa majina na kujua nani amenuna tangu jana; na ujuzi wao mkubwa, kwa maoni yangu, ni kujua siku ya kujiondoa, kwa sababu mlezi aliyefaulu ni yule ambaye mtoto aliyemshika shati mwaka mzima humwona ukingoni mwa uzio, akamtazama, kisha akageuka kuwafuata wenziwe. Kazi hiyo ina hatari zake. Mwezi Septemba 2022 watoto watatu wa sokwe waliibwa usiku kutoka kituo cha J.A.C.K. cha Lubumbashi, na wezi wakadai fidia ya fedha kana kwamba wameteka watoto wa tajiri. Hayo yametukia katika nchi ambayo sheria yake humlinda sokwe, na chini ya mkataba wa dunia wa CITES uliopiga marufuku biashara ya sokwe wa mwituni kati ya nchi na nchi.

Ndugu msomaji, iwapo uko Bukavu, Kalemie, Lubumbashi, Kigoma, Bujumbura au Fort Portal, na siku moja ukaonyeshwa mtoto wa sokwe anayeuzwa, amefungwa kamba kiunoni, macho yameingia ndani, usimnunue hata kama nia yako ni kumwokoa na fedha unazo. Kwa maana mwuzaji hatauliza nia yako, atahesabu noti, na kesho atamrudisha mwindaji msituni kuua mama mwingine. Nenda kwa maofisa wa wanyamapori, au kwa kituo kilicho karibu, ukawaambie ulimwona wapi, saa ngapi, na mikononi mwa nani, upesi kabla hajahamishwa.